Mashua Kuukuu, Nahodha Mpya: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kuirudisha Majini Masinga

Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka 1981, na ndilo kubwa zaidi katika msururu wa mabwawa ya Mto Tana yanayoitwa Seven Forks. Likijaa hushika takriban mita za ujazo bilioni 1.56 za maji, na uso wake hufikia kilomita 120 za mraba, upande mmoja Machakos na upande wa pili Embu. Lakini halijai kila mwaka. Mwaka 2009 ukame ulipunguza maji hadi mitambo ya umeme ya Masinga ikazimwa. Mwezi Mei 2024, baada ya mvua kubwa, bwawa lilijaa hadi likafurika.

Kupanda na kushuka huko kwa maji ndiko kunakozeesha mashua nyingi kabla ya wakati wake. Maji yakirudi nyuma, mashua hubaki kwenye tope, kisha kwenye nchi kavu, ikichomwa na jua miezi kadhaa. Mwenyewe hutafuta kazi nyingine. Maji yanaporudi, mashua ile huuzwa kwa bei ndogo, hupewa kijana wa nyumbani, au huchukuliwa na kikundi kinachotaka kuanza uvuvi au kuvusha watu kwenda sokoni.

Makala haya ni ya yule anayeipokea, awe ni mvuvi, kikundi cha vijana, au mkazi aliyenunua boti la tanga la burudani lililosahaulika uani kwa mtu. Yanaeleza namna ya kuamua kama mashua inafaa kufufuliwa, kazi ifuate utaratibu gani, na sheria inataka nini kabla ya abiria wa kwanza kupanda.

Kwa nini mashua iliyokaa nchi kavu huvuja

Wachongaji wa Wamunyu wanalijua jambo hili vizuri: mti ukikauka hupungua, na ukikauka upesi juani hupasuka. Mashua ya mbao imeundwa ikitarajiwa kuwa na unyevu. Ikiwa majini, mbao zake hunywa maji, huvimba na kubanana, na viungo huziba. Ikikaa nchi kavu, mbao hunywea na mianya hufunguka kiasi cha kuona mwanga kutoka ndani.

Mwanya wa namna hiyo haumaanishi kwamba mashua imekufa. Hatari ni kuuziba kwa nguvu mbao zikiwa bado kavu. Mbao zitakaporudi majini na kuvimba, hazitakuwa na nafasi ya kwenda. Zitasukumana, misumari itang'oka, na ubao unaweza kuachana na taruma, yaani mbavu za mashua.

Adui wa pili ni uozo. Huku kwetu hatuna mdudu wa baharini anayetoboa mbao za majahazi ya pwani, kwa kuwa hawezi kuishi katika maji baridi. Lakini chumvi ya bahari huzuia ukungu unaoozesha mbao, na maji ya mvua hayana chumvi. Maji ya mvua yakituama ndani ya mashua iliyotelekezwa, uozo huanzia hapo yalipotuama: chini kabisa, kwenye pembe za mbele na nyuma, na chini ya viti. Adui wa tatu ni mchwa, ambaye kila mkazi wa Ukambani anamfahamu. Mashua iliyolazwa juu ya udongo ni chakula chake.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Usinunue mashua iliyopakwa rangi jana. Rangi mpya huficha mengi. Nenda mchana, ukiwa na bisibisi, nyundo ndogo, uzi mrefu na tochi, na kama inawezekana ufuatane na fundi asiyejuana na muuzaji. Kagua kwa utaratibu huu:

1. Mkuku. Huu ndio uti wa mgongo wa mashua, mti mrefu ulio chini kabisa kutoka mbele hadi nyuma. Vuta uzi kutoka ncha moja hadi nyingine. Mkuku ukiwa umepinda kuelekea kushoto au kulia, au umevunjika, iache mashua hiyo. Kuubadilisha mkuku ni karibu sawa na kuunda chombo kipya.

2. Mataruma. Yagonge moja baada ya jingine. Mti mzima hulia kwa sauti kavu, na mti uliooza hutoa sauti nzito isiyo na mwangwi. Taruma mbili tatu zilizooza hubadilishwa. Zikiwa zaidi ya nusu, gharama itakushinda.

3. Mbao za pembeni na chini. Choma kwa ncha ya bisibisi, hasa karibu na misumari na pale maji yalipotuama. Ncha ikizama bila kutumia nguvu, hapo pameoza. Weka alama ya chaki kila mahali ulipopata tatizo, kisha rudi nyuma utazame alama zote kwa pamoja. Zikiwa hapa na pale, ni kazi ya kawaida. Zikiwa zimejikusanya sehemu moja, ng'oa ubao mmoja uone kilichoko nyuma yake.

4. Misumari. Doa jeusi au jekundu kuzunguka kichwa cha msumari ni ishara ya kutu. Msumari ulioliwa na kutu huonekana mzima nje huku ndani ukiwa mwembamba kama sindano.

5. Ubao wa nyuma. Ikiwa injini ilikuwa ikifungwa hapo, shika ubao huo utikise. Injini huusukuma na kuutetemesha kwa miaka, na ukilegea injini inaweza kuzama pamoja nao.

Kama ni boti la faiba, usitafute mianya. Ligonge kote kwa kifundo cha kidole au kwa sarafu, kisha tembea juu ya sakafu yake. Mahali panapobonyea au kutoa sauti ya debe bovu, tabaka zimeachana au mbao zilizomo ndani zimeoza. Kama lina mlingoti, tazama kwanza sehemu unaposimama, kwa maana huko ndiko maji hushukia. Tanga lilivute kwa mikono miwili: kitambaa kilicholiwa na jua huchanika kama karatasi hata kikiwa hakina tundu. Kamba na nyaya zinazoshikilia mlingoti zibadilishwe ikiwa zimekatika nyuzi au zina kutu. Hizo ndizo huzuia mlingoti usiwaangukie watu.

Hesabu ya pesa

Wahenga walisema rahisi ni ghali, na mashua kuukuu ni mfano mzuri. Watu wengi huweka akiba ya bei ya ununuzi peke yake, kisha mashua hukaa uani miaka miwili ikiwa nusu imefumuliwa.

Tuchukue tarakimu za mfano tu. Mashua inauzwa shilingi 30,000. Mbao ni 18,000. Misumari, pamba, gundi na rangi ni 12,000. Fundi anataka 20,000. Na jaketi nane za kuokolea maisha, kila moja 2,500, ni 20,000. Mashua ya elfu thelathini imekuwa ya shilingi 100,000, na bado hujalipia usafiri, ukaguzi wala leseni. Andika hesabu yako kwa bei halisi za sokoni, uongeze robo ya jumla kwa mambo ambayo hukuyaona, kisha uulize bei ya mashua mpya ya ukubwa huo. Ikiwa tofauti ni ndogo, agiza mpya.

Jambo jingine ni umiliki. Mashua nyingi zilizoachwa ufuoni zina mwenyewe, au zilikuwa mali ya kikundi, au zina deni. Omba stakabadhi za usajili, linganisha nambari zilizoandikwa ubavuni na zile za karatasi, na uulize kamati ya usimamizi wa ufuo, inayojulikana kama BMU, kama inamtambua muuzaji. Andikeni mkataba wenye nambari za vitambulisho, sahihi za mashahidi wa pande zote mbili, bei na tarehe. Kama mashua ilikuwa ya kikundi, dai kumbukumbu za mkutano ulioidhinisha kuuzwa kwake.

Utaratibu wa kazi

Hatua ya kwanza ni kuiinua. Iweke juu ya magogo au mawe, angalau futi moja kutoka ardhini, chini ya kivuli kinachopitisha hewa. Usiikaushe juani. Ondoa kila kitu kilichomo ndani, futa tope, na kwangua rangi ya zamani. Vaa barakoa inayozuia vumbi laini unapopiga msasa, kwa sababu rangi za zamani huweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Kusanya vumbi hilo. Usiliache lichukuliwe na maji hadi bwawani.

Hatua ya pili ni mti. Kata sehemu iliyooza mpaka ufike kwenye mti mzima, kisha uendelee kidogo ndani yake. Ukiacha uozo kidogo, utaenea hadi kwenye ubao mpya. Tumia mbao zilizokaushwa vizuri, za unene sawa na za zamani. Viungo vya mbao mbili zilizo jirani visikutane kwenye taruma moja, kwa sababu hapo patakuwa dhaifu. Misumari iwe ya shaba au iliyopakwa zinki.

Hatua ya tatu ni kalafati, yaani kuziba mianya. Mafundi wa Lamu, hasa wa kijiji cha Matondoni kinachosifika kwa kuunda majahazi, hutumia pamba iliyolowekwa mafuta, wakiisukuma kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Pamba hujaza mwanya na bado huweza kubanwa ubao unapovimba. Jaza kwa kiasi, usishindilie. Juu ya pamba weka lami au gundi inayobaki laini. Usitumie saruji wala gundi inayokauka na kuwa ngumu kama jiwe, kwa kuwa mashua hujipinda kidogo kila inapopanda wimbi, na kitu kigumu hupasuka.

Hatua ya nne ni rangi, baada ya mti kukauka juu juu. Paka ndani na nje, ila acha njia za maji chini ya viti na kando ya mataruma ili maji ya mvua yashuke mahali pamoja unapoweza kuyachota.

Hatua ya tano ni kuivimbisha. Ifunge kwenye maji yanayofika magotini, bila watu wala mzigo, kwa siku mbili hadi tatu. Siku ya kwanza itavuja, pengine ijae. Usiogope, chota maji asubuhi na jioni ukiandika idadi ya ndoo. Idadi ikipungua kila siku, mbao zinafunga. Ikibaki vilevile siku ya tatu, kuna tundu au ubao uliopasuka: itoe nje ulitafute. Usipoziba ufa sasa, hutakuwa na ukuta wa kujenga katikati ya bwawa.

Uzito wa maji yasiyoonekana

Wengi huona maji ya kifundo cha mguu ndani ya mashua kama jambo la kawaida. Tupige hesabu. Mashua yenye sakafu ya urefu wa mita 5 na upana wa mita 1.2 ina eneo la mita 6 za mraba. Maji ya kina cha sentimita 5 tu juu ya sakafu hiyo ni mita za ujazo 0.3, ambazo ni lita 300, yaani kilo 300. Hiyo ni mitungi 15 ya lita 20, au watu wanne wazima ambao hawakulipa nauli.

Tena abiria hukaa mahali pamoja, ila maji hukimbilia upande ulioinama na kuuzidisha kuinama. Ndiyo sababu mashua inayovuja kidogo huweza kupinduka ghafla hata kama haijajaa. Kumbuka pia kwamba mti wa zamani huwa umekunywa maji mengi. Mashua iliyobeba watu kumi ilipokuwa mpya huenda leo isistahili kubeba saba.

Kabla ya kubeba watu, ijaribu kwenye maji mafupi. Watu wanane wa kilo 75 ni kilo 600, sawa na mitungi 30 ya lita 20 iliyojaa maji. Pakia mitungi hiyo kidogo kidogo ukipima ubavu uliobaki juu ya maji. Jaribio hili litakuonyesha mashua inazama kiasi gani. Halitakuonyesha itakavyoyumba, kwa sababu mitungi hukaa chini nao watu hukaa juu na kusogea. Hesabu ya mwisho ya abiria hutolewa na mkaguzi, na hiyo ndiyo ya kufuatwa.

Si mambo ya kutishana. Feri ya Mtongwe ilipozama Mombasa tarehe 29 Aprili 1994, zaidi ya watu 200 walikufa. Zaidi ya 200 wengine walikufa MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, Tanzania, tarehe 20 Septemba 2018. Vyombo vyote viwili vilikuwa karibu na nchi kavu, na vyote vilikuwa vimejaza watu kupita kiasi.

Sheria inataka nini

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa serikali ya kaunti jukumu la feri na bandari zilizo ndani ya kaunti, lakini si usimamizi wa safari za majini za kitaifa na kimataifa. Kwa hiyo leseni ya biashara kutoka kaunti hukuruhusu kufanya biashara; haithibitishi kwamba mashua yako ni salama. Usimwonyeshe abiria karatasi hiyo kana kwamba ndiyo cheti cha usalama.

Usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na KMA, mamlaka ya kitaifa ya safari za majini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Kwake ndiko husajiliwa mashua ya abiria, hukaguliwa, na kupangiwa idadi ya watu. Anayeiendesha kwa biashara naye anatakiwa kuwa na cheti. Mashua ya uvuvi hufuata pia Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016. Unapobadilisha kazi ya mashua kutoka uvuvi hadi kubeba abiria, usidhani stakabadhi za zamani zinatosha. Umiliki ukibadilika, usajili nao ubadilishwe. Usipofanya hivyo, aliyekuuzia anaweza kuendelea kutambulika kama mwenye mashua siku ajali itakapotokea.

Siku ya kwanza ya nahodha

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kama mashua ni ya kikundi, chagueni mmoja ambaye neno lake ni la mwisho ufuoni, hata mbele ya mwenyekiti. Mamlaka yake makubwa ni kusema hapana: hapana kwa abiria wa ziada, hapana kwa safari wakati wa upepo, hapana kwa mlevi, hapana kwa mtoto asiye na jaketi.

Kila asubuhi akague mambo matano: maji ndani ya mashua, jaketi kulingana na idadi ya watu, makasia ya akiba hata kama kuna injini, ndoo ya kuchotea maji, na kamba yenye nanga. Jaketi zivaliwe. Jaketi iliyokaliwa kama mto wa kiti haimwokoi mtu.

Masinga ina mambo yake. Kuna visiki vya miti vilivyofunikwa na maji, na kina hubadilika kila msimu. Maji yanapopungua, tembea ufuoni uviandike visiki vilipo. Vitafichika tena mvua ikinyesha. Viboko hutoka majini jioni kwenda malishoni na kurudi alfajiri, hivyo epuka kingo zenye nyasi saa hizo. Mamba wapo, basi usiingize mikono majini wala kuruhusu watoto kuogelea penye gati. Kaa mbali na ukuta wa bwawa na mahali maji yanapotokea. Pia panga safari zako asubuhi, kwa kuwa upepo mara nyingi huongezeka mchana, na penye maji mapana mawimbi hupata nafasi ya kukua.

Kuitunza isirudi ilikotoka

Bwawa likianza kupungua, usiingoje mashua ikwame. Isogeze pamoja na maji. Ikilazimu kukaa nchi kavu wiki chache, ifunike kwa magunia na kuyamwagia maji asubuhi na jioni, huku ukihakikisha hakuna maji yanayotuama ndani. Ikiwa ni miezi mingi, iinue juu ya magogo, iweke kivulini penye hewa, ikague mchwa kila wiki, na uivimbishe upya kabla ya kuitumia.

Wakazi wa wadi za Kivaa, Masinga ya Kati, Ekalakala, Muthesya na Ndithini wanaotaka kufufua mashua waanze kwa kuzungumza na BMU ya ufuo wao, na afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo, kabla ya kutoa pesa. Nenda na nambari ya mashua, jina la muuzaji na orodha ya kasoro ulizozipata. Ukiona mashua inayovuja ikipakia watu, au inayobeba abiria bila jaketi, toa taarifa kwa BMU, chifu au kituo cha polisi kilicho karibu kabla haijang'oa nanga.